Haidrojeni ya Aisilandi: nani alilipa?

Sisi waandika programu tunaujua ugonjwa huu: mfadhili analipia majaribio, watu wanapiga makofi, halafu pesa zinaisha na hakuna aliyepangiwa kulipia mwaka unaofuata. Kumbe si wa kompyuta peke yake. Tazameni historia ya haidrojeni kule Aisilandi.

Wengi huisimulia kuanzia 1999. Mimi naanzia 1954, kiwanda cha mbolea cha Gufunes kilipofunguliwa karibu na Reykjavik kwa msaada wa fedha za Mpango wa Marshall kutoka Marekani. Umeme wa maporomoko ulipitishwa majini, haidrojeni ikajitenga na oksijeni, ikaunganishwa na naitrojeni ya hewani kupata amonia, na amonia ikawa mbolea. Hakukuwa na makaa wala gesi. Siku hizo hakuna aliyeiita haidrojeni safi. Ilikuwa kazi ya kiwanda tu, na mkulima alikuwepo akingoja mfuko wake. Mtaji ulikuwa wa umma, lakini mauzo yaliendelea karibu nusu karne, hadi mlipuko wa 2001 uliposimamisha utengenezaji wa amonia.

Sasa tuje 1999. Profesa Bragi Árnason wa Chuo Kikuu cha Aisilandi alikuwa akihubiri tangu miaka ya sabini kwamba nchi inaweza kuachana na mafuta ya kuagiza. Hatimaye ikaundwa kampuni, Icelandic New Energy. Wenyeji walishika asilimia 51, na sehemu iliyobaki wakagawana Shell, DaimlerChrysler na Norsk Hydro. Umoja wa Ulaya ukaongeza ruzuku. Aprili 2003 kituo cha kujazia haidrojeni kikafunguliwa Reykjavik, na mwaka huohuo mabasi matatu yakaanza kubeba abiria (matatu kwa hesabu, si matatu zetu hizi!).

Mabasi yalitembea vizuri, na jambo hilo wakosoaji hulisahau. Kwa maoni yangu kasoro ilikuwa kwenye mkataba: wabia walikuja kujifunza, na wakajifunza. Hakuna aliyelazimika kununua basi la nne, ambalo bei yake ilikuwa mara kadhaa ya basi la dizeli. Majaribio yakaisha 2007, mabasi yakaondolewa barabarani. Oktoba 2008 benki kubwa za nchi zikaanguka, na hazina ikawa na kilio kingine.

Kenya nayo ilizindua mkakati wake wa haidrojeni Nairobi, Septemba 2023, na Umoja wa Ulaya ukaahidi ruzuku ya yuro milioni 12. Nafurahi kwamba unaanza na mbolea, kwa sababu mnunuzi yupo tayari. Ninachokitafuta humo ni hesabu moja: mkulima wa Kitale atauziwa mfuko kwa shilingi ngapi, na ukiwa ghali kuliko ule unaoshushwa Mombasa, nani atalipa tofauti, na kwa miaka mingapi?