Mwanga, Miale au Mionzi?

Mwambie mgonjwa wa fizi kwamba atatibiwa kwa mionzi, moja kwa moja atawaza saratani. Hospitali zimekwisha kulichukua neno hilo. Nawasihi wanaoandika kuhusu dawa na chembe za nano zinazoamshwa kwa mwanga ili kutibu fizi wasilitumie.

Ukoga ukikaa chini ya ufizi, bakteria hustawi, ufizi huvimba na kutoa damu, na mfupa unaoshika jino hulika. Daktari huukwangua ukoga, hutia dawa kwenye uwazi kati ya jino na ufizi, kisha huimulika. Dawa hunasa mwanga na kuipa oksijeni nguvu yake. Oksijeni hugeuka kali, ikatoboa kuta za bakteria na kutulia kabla haijafika mbali. Oscar Raab wa Munich alionyesha mwaka 1900 kwamba rangi ya akridini huua viumbe wa seli moja ikipigwa na mwanga.

Dawa hiyo ningeiita kinasamwanga. Tayari tunacho kinasasauti, na msikilizaji hahitaji kufafanuliwa.

Ugumu uko kwenye mwanga wenyewe. Bluu ya methilini hutaka mwanga mwekundu wa nanomita 660 hivi, yaani sehemu 660 za bilioni moja za mita. Kurkumini, rangi ya manjano ya jikoni, hutaka mwanga wa buluu. Lakini indosianini ya kijani huamshwa na nanomita 808 hivi, ambazo jicho halizioni. Mwanga usioonekana? Hapo neno miale linafaa zaidi, kwa kuwa mwale haulazimiki kuonekana. Nuru ni neno tamu, ila limezoea uso na imani; tuliache huko.

Kuna pia “kuzalisha upya mfupa”, maneno yanayonukia kiwanda. Mfupa uliovunjika huunga, jino huota. Huu wa taya haukuvunjika, umelika, basi unaoteshwa. Chembe za nano za haidroksiapatiti, madini yaleyale ya mfupa, huwekwa ili seli zijenge juu yake, na joto dogo la miale huweza kuzichochea. Kuotesha mfupa: hata bibi kijijini ataelewa anachofanyiwa.

Tafiti nyingi za kuotesha mfupa kwa chembe hizi bado ziko maabara na kwa wanyama. Wewe unayetokwa na damu ukipiga mswaki, usizisubiri. Nenda ukakwanguliwe ukoga.