Kazi unayoiahirisha kila siku: jinsi ya kuianza

Tuseme wewe ni fundi cherehani karibu na soko la Kasubi. Mwezi mmoja kabla ya shule kufunguliwa umepokea oda ya sare thelathini, na mteja amekuachia nusu ya pesa. Kitambaa kiko kwenye mfuko. Kila asubuhi unafagia, unatia mashine mafuta, unatia kiraka suruali ya jirani, unajibu simu. Jioni inafika na mfuko haujafunguliwa.

Watu watakuita mvivu. Lakini mvivu angelala, na wewe umeshinda ukifanya kazi, ila si ile kazi.

Mjini Kampala tabia hii ina gharama kubwa. Nchini Uganda, msaada mwingi kwa wakimbizi hutolewa kwenye makazi kama Nakivale, Kyaka II na Kyangwali. Mkimbizi anayeishi mjini hutarajiwa kujitegemea, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa haki ya kufanya kazi. Kodi ya chumba na karo ya watoto hutoka kwenye kazi hiyo. Oda ikichelewa, mteja hupiga simu mara mbili, mara ya tatu anampigia fundi mwingine. Kwa mwenyeji wa Kasubi mwenye kibanda jirani na chako mambo ni yale yale.

Kwa nini tunaahirisha?

Watafiti Fuschia Sirois na Timothy Pychyl walieleza mwaka 2013 kwamba mtu huahirisha kazi hasa ili kukwepa hisia mbaya inayokuja na kazi hiyo: hofu, aibu, kuchoshwa, au kutojua pa kuanzia. Akiiweka kando anapata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayomfundisha kuiweka kando tena kesho. Tunasema ngoja ngoja huumiza matumbo, na ni kweli, ila methali hiyo haimwambii mtu aanze vipi.

Kwa hiyo, kabla ya kujilaumu, jiulize ni kitu gani ndani ya kazi hiyo kinachokusumbua. Pengine hujawahi kukata kola ya aina ile na unaogopa kuharibu kitambaa cha mtu. Pengine pesa ya awali ililipa kodi na sasa huna ya kununua vifungo. Kama unafanya kazi ofisini au ni mhamasishaji wa jamii, pengine ripoti inatakiwa kwa Kiingereza na wewe ulisoma kwa Kifaransa huko Bukavu au Bujumbura. Kila tatizo lina dawa yake. La kola linahitaji nusu saa kwa fundi mwenzako. La vifungo linahitaji mazungumzo na mteja. La ripoti linahitaji kuandika kwanza kwa lugha uliyoizoea, kisha kumwomba mwenzako akusaidie kutafsiri. Kujikaza tu hakutatui hata moja.

Kungoja na kuahirisha

Maisha ya ukimbizi yamejaa kungoja: uamuzi wa hadhi ya ukimbizi, kitambulisho, jibu kutoka ofisi fulani. Mtu akingoja miaka, anaweza kuanza kuzichukulia hata kazi zilizo mikononi mwake kama vitu vya kungojwa. Ni vizuri kuyatenganisha mambo haya mawili.

Mfano uko hapo hapo kilimani. Nyumba kuu ya makaburi ya wafalme wa Buganda, Muzibu Azaala Mpanga, iliteketea kwa moto tarehe 16 Machi 2010. Mwaka huo huo UNESCO iliyaingiza makaburi ya Kasubi kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini, na yalitolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2023. Miaka kumi na mitatu! Lakini kazi ile ilikuwa na mila za kufuatwa, vibali, fedha na mafundi wa kuezeka kutoka ukoo wa Ngeye, ambao ndio wenye jukumu hilo tangu zamani. Kuchelewa kwa namna hiyo si kukwepa. Hata hivyo tazama jinsi paa lenyewe lilivyo: ndani lina duara 52, kwa ajili ya koo 52 za Buganda. Hakuna anayeezeka paa zima kwa siku moja.

Sare thelathini nazo zina duara zake. Leo kata mbili tu.

Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha katika makala ya mwaka 1999 kwamba mtu anayeamua mapema saa, mahali na namna ya kuanza ana nafasi kubwa zaidi ya kutimiza nia yake kuliko anayesema tu “nitafanya”. Sema hivi: “Nikishafungua kibanda, kabla ya kuwasha simu, nitakata sare mbili.” Weka kitambaa mezani tangu usiku. Simu iache kwenye begi. Kama wewe ni wakala wa pesa kwa simu hilo haliwezekani, basi tumia saa ambayo wateja ni wachache.

Ukiona utachelewa, mwambie mteja kabla hajakupigia, na umpe siku unayoweza kuitimiza. Wengi hukasirishwa zaidi na simu isiyopokelewa.

Kama umeajiriwa na umeshachelewesha kazi

Zungumza na msimamizi wako mapema. Ujue pia kwamba, chini ya Sheria ya Ajira ya Uganda, mwajiri anayetaka kumfukuza mfanyakazi kwa utendaji duni anapaswa kwanza kumweleza sababu kwa lugha anayoweza kuielewa na kumsikiliza. Una haki ya kuwa na mtu uliyemchagua mwenyewe katika kikao hicho, hivyo unaweza kwenda na anayeelewa Kiingereza au Kiganda vizuri.

Na kama huwezi kuanza hata kazi uliyokuwa ukiipenda, hulali, au kumbukumbu za mambo uliyoyakimbia zinarudi mchana, huenda tatizo si kuahirisha. Kituo cha Afya cha Kawaala kiko karibu na Kasubi. Waeleze wahudumu unavyojisikia, na uliza kuhusu huduma za afya ya akili.