Kiungo cha Mpira na Chuma: Hewa ya Injini katika Historia ya Magari ya Tarime na Serengeti

Historia ya magari katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, imezoeleka kusimuliwa kwa barabara, mageti ya hifadhi na machimbo ya dhahabu ya Nyamongo, ilhali sehemu yake kubwa imo katika kiungo kisichozidi upana wa kiganja, yaani pale mpira wa hewa unapovishwa kwenye bomba la chuma kati ya chujio na injini. Mpira wa hewa ni bomba laini, aghalabu jeusi na lenye mikunjo, linalopeleka hewa iliyokwisha kuchujwa ndani ya injini. Kila gari lilipobadilishiwa injini, chujio au mahali pa kuvutia hewa, mpira uliotengenezwa kiwandani kwa ajili ya mabomba mawili maalumu ulitakiwa kuunganisha mabomba yasiyofahamiana, na vumbi la Mara likawa la kwanza kuigundua kasoro hiyo.

Vumbi lenyewe si la aina moja. Nyanda za kusini mwa Serengeti zimefunikwa na udongo uliotokana na majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro na za Ol Doinyo Lengai, na kuelekea kaskazini na magharibi hufuata udongo mweusi wa mbuga, ambao masika hunata kama ulimbo na kiangazi hupasuka na kusagwa na magurudumu hadi kuwa unga. Punje za kwazi, madini yaliyo katika michanga mingi, zina ugumu wa daraja la 7 katika kipimo cha Mohs, na zikiingia katika silinda hukwangua kuta zake pamoja na ringi za pistoni, mpaka mgandamizo upungue na injini ianze kula oili. Uharibifu huo hauna kishindo. Mwenye gari huona moshi wa buluu baada ya miezi, wakati ambapo chanzo chake, ufa mwembamba chini ya klipu inayoubana mpira, kimekwisha kusahauliwa.

Tatizo la kuunganisha kitu laini na bomba gumu bila kuvujisha hewa ni la kale kuliko gari. Wahunzi wa jamii za Mara, wanaojulikana kwa jina la Waturi katika lugha kadhaa za eneo hilo, walitumia mivukuto, yaani ngozi zilizosukumwa kwa mkono ili kupeleka upepo kwenye makaa, na mhunzi aliyeifunga ngozi ovyo alipoteza upepo na moto pamoja. Haifai kudai kwamba ufundi wa gereji umerithiwa moja kwa moja kutoka kwao; inatosha kusema kwamba swali lilikuwa lile lile.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya Amsterdam mwaka 1948, na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ikatangazwa mwaka 1951, hivyo gari hilo na hifadhi vilikua pamoja. Matoleo yake ya mwanzo yalikuwa na chujio la oili, ambalo ni kopo la chuma lenye oili chini, ambamo hewa hugeuzwa ghafla juu ya uso wa oili ili vumbi, kwa uzito wake, lishindwe kugeuka na kuzama. Usafi wake ulikuwa kazi ya kumwaga tope na kutia oili mpya hadi alama iliyowekwa. Mpira uliotoka kwenye kopo hilo kwenda kwenye kabureta, kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, ulikuwa mfupi, mnene na wa kiwanda, na ulipozeeka ulipatikana mwingine wa namna hiyo hiyo.

Katika miaka hiyo kubadilisha gari kwa ajili ya vumbi kulikuwa zaidi jambo la wanamashindano. Mbio za Coronation Safari, zilizoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, zilikuwa shule ya wazi ya uvumilivu wa mitambo, na mkazi wa Dar es Salaam, Bert Shankland, alizishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Baadaye Toyota Celica za mbio hizo zilifungwa snokeli, yaani bomba refu linaloinua mdomo wa kuvutia hewa hadi usawa wa paa, ambako vumbi ni kidogo na maji ya mito hayafiki.

Mabadiliko ya lazima, yale ya mtu asiyetafuta kikombe, yalisukumwa na siasa. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inasambaratika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na pamoja na kituo cha mpakani cha Sirari ikafungwa njia ya watalii ya Bologonja iliyounganisha Serengeti na Masai Mara. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983. Kwa wilaya zilizoegemea mpaka huo, kufungwa huko, kukifuatiwa na vita vya Kagera na uhaba wa fedha za kigeni, kulimaanisha kwamba spea ikawa kitu cha kubuniwa. Mpira wa rejeta uliwekwa mahali pa mpira wa hewa. Vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu vilizungushwa kama bandeji. Na Land Rover iliyochoka iliweza kupewa injini ya dizeli ya Kijapani ambayo bomba lake halikulingana na chochote kilichokuwa ndani ya boneti.

Hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo, na ndipo ulipodharauliwa zaidi. Mpira wenye tundu kubwa kuliko bomba, hata kwa milimita tatu, ukibanwa kwa klipu hujikunja, na kila kunjo huacha mfereji mdogo ambao jicho halioni lakini injini, kwa kuwa inavuta, huunyonya daima. Mpira mdogo ukilazimishwa hupasuka ukingoni. Zaidi ya hayo, chujio hufungwa kwenye bodi ilhali injini hucheza juu ya mipira yake ya kukalia, kwa hiyo kiungo kilichokaza wakati gari limesimama kinaweza kuchomoka kwenye makorongo. Bandeji ya mpira wa ndani huficha matatizo yote matatu bila kutatua hata moja, kwani joto na mvuke wa oili huilainisha upesi. Dawa iliyo sahihi ni kuchonga kipunguzio, yaani kipande cha bomba chenye upana tofauti kila upande, au kutumia mpira wa silikoni uliofinyangwa kwa vipenyo viwili, kisha kuacha nafasi ya mchezo na kuhakikisha ncha ya chuma ina ukingo uliovimba ambao klipu hukaa nyuma yake. Fundi anayekata bomba na kuliacha laini bila ukingo huo amefanya nusu ya kazi, hata akiweka klipu nne.

Tangu biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, Toyota Land Cruiser ilichukua nafasi ya Land Rover katika utalii, hususan zile za mfululizo wa 70 uliotolewa mwaka 1984, zenye injini ya 1HZ ya lita 4.2. Magari hayo hurefushwa chasisi, hupasuliwa paa na kufungwa snokeli, na snokeli imezaa imani potofu kwamba bomba la nje ndilo linaloilinda injini. Kwa upande wa vumbi, kiungo kinachovuja kabla ya chujio hufupisha maisha ya chujio tu, lakini kinachovuja baada yake huua injini. Wanaoparamia fenda kupaka gundi kwenye snokeli huku mpira wa hewa ulio baada ya chujio ukiyumba wanatibu upande usioumwa.

Magari yenye tabo, yaani turbo, pampu inayozungushwa na moshi ili kushindilia hewa, yameongeza ugumu wa aina nyingine. Katika Subaru Impreza, iliyoshinda Safari Rally, jina la baadaye la mbio za Coronation Safari, mwaka 1997 na 2000 na kuwapa vijana wengi hamu ya kufunga filta ya koni, yaani chujio la wazi lenye umbo la koni, mpira ulio kabla ya tabo huvutwa kwa nguvu na ukiwa mwembamba hujibana kama mrija wa soda, ilhali ule wa baada yake husukumwa na huweza kuruka kwenye bomba. Aidha, hewa inayoingia baada ya kihisi cha hewa haipimwi, petroli hutolewa pungufu, na gari hukohoa.

Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ilizuia ujenzi wa barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa hifadhi, uamuzi uliotolewa kwa ajili ya nyumbu wanaohama lakini ambao pia uliliacha vumbi palepale. Kipimo cha kiungo nacho hakijabadilika: injini ya dizeli isiyo na tabo huachwa ikiunguruma taratibu, mdomo wa snokeli huzibwa kwa ubao, na injini iliyofungwa vizuri huzimika baada ya sekunde chache; ikiendelea kuunguruma, ina pua nyingine mahali fulani.