Likizo Unguja: kipi ununue supamaketi, kipi ufuate sokoni

Kila msimu wa mavuno ukiisha, wapo wasikilizaji wetu wanaotuandikia kwamba mwaka huu wanataka kuipeleka familia Zanzibar, japo kwa siku tatu. Swali la kwanza huwa ni nauli ya boti. La pili ni chumba. Chakula hakiulizwi mpaka watu wamefika, na hapo ndipo fedha huanza kupukutika.

Sisi wenyewe yalitukuta. Tulikwenda Unguja watu watano kurekodi vipindi, tukapanga nyumba yenye jiko karibu na ufukwe wa kaskazini. Jioni ya kwanza tukaingia supamaketi ndogo ya jirani, tukajaza vikapu bila kupiga hesabu: viazi, vitunguu, kabichi, maji ya chupa ndogo, juisi za boksi. Siku ya pili fedha ya chakula ilikuwa imebaki robo. Bibi mwenye nyumba alipoona mifuko yetu alicheka, akasema: "Wanangu, mbatata hizi zimepanda meli kama nyinyi."

Maneno ya bibi yule yanatosha kuwa mwongozo wa manunuzi yote kisiwani. Kabla hujaweka kitu kikapuni, jiulize: hiki kimevuka bahari au kimetoka hapa hapa?

Kwa nini bei hupanda

Viazi mviringo, vitunguu, karoti na kabichi zinazouzwa Unguja kwa sehemu kubwa hutoka Bara. Huenda kitunguu unachokishika kwenye rafu kililimwa Singida au Mang'ola. Kimebebwa na lori hadi Dar es Salaam, kikapakiwa kwenye chombo, kikashushwa bandari ya Malindi, kikaingia ghala, halafu kikapandishwa gari tena. Kila mkono uliokigusa umelipwa, na vilivyooza njiani navyo vimo ndani ya bei. Mchele nao, ingawa Unguja na Pemba wanalima mpunga, mwingi unaoliwa huko huletwa kutoka Bara au nje ya nchi, hasa Asia.

Halafu kuna suala la mahali duka lilipo. Nungwi, Kendwa, Paje na Jambiani ziko mwendo wa kilomita 50 hadi 60 hivi kutoka mjini, na wateja wa maduka ya huko wengi ni wageni. Bidhaa ile ile huwa nafuu zaidi mjini kuliko ufukweni. Kwa hiyo kama utalala ufukweni, fanya manunuzi makubwa mjini siku ile ile unayoshuka botini, kabla hujapanda daladala.

Vitu vya kununua supamaketi

Supamaketi ina faida zake: bei imeandikwa, hakuna kupatana, na risiti unapewa. Ni mahali pazuri kwa maji ya kunywa, mafuta ya kupikia, sukari, chumvi, majani ya chai, maziwa ya boksi, sabuni, dawa ya mbu na mahitaji ya mtoto mchanga.

Maji ndiyo yanayokula fedha za wageni wengi, kwa kuwa kisiwa kina joto na maji ya bomba hayafai kunywewa bila kuchemshwa. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Bei utazikuta mwenyewe. Tuseme chupa ya nusu lita ni shilingi 600 na dumu la lita 12 ni shilingi 4,800. Familia ya watu wanne, kila mmoja akinywa lita 2 kwa siku, kwa siku 3 itahitaji lita 24. Ukinunua chupa ndogo utahitaji 48, sawa na shilingi 28,800. Ukinunua madumu mawili utalipa shilingi 9,600. Tofauti ni shilingi 19,200. Beba chupa zako tupu kutoka nyumbani, ujaze kila asubuhi kabla ya kutoka.

Vitu vya kufuata sokoni

Mjini Unguja kuna soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, na lipo pia soko la Mwanakwerekwe. Huko ndiko wenyeji wanakonunua samaki, ndizi, muhogo, nazi, mboga za majani, viungo na matunda ya msimu kama embe, fenesi na shokishoki. Vingi kati ya hivi havikuvuka bahari kuja dukani, na ndiyo maana huwa na nafuu na huwa vibichi.

Samaki nenda asubuhi. Angalia macho yawe yanang'aa, matamvua yawe mekundu, na ukibonyeza nyama irudi. Wakati wa kusi, hasa kati ya Juni na Septemba, upepo ukiwa mkali wavuvi wa vyombo vidogo hawatoki kila siku, hivyo usishangae bei ikipanda. Sokoni unaruhusiwa kuomba upunguziwe, ila kwa adabu. Anza na salamu, ndipo uulize bei.

Majina nayo yanabadilika. Viazi mviringo Unguja ni mbatata. Ukisema viazi peke yake unaweza kupewa viazi vitamu. Nyanya ni tungule. Choroko ni chooko. Kitunguu saumu ni thomu. Ukisikia polo la mchele, ni gunia.

Chunguza kabla ya kulipa

Kwanza, soma tarehe ya mwisho wa matumizi, hasa kwenye maziwa, soseji, biskuti na vyakula vya watoto. Bidhaa iliyosafiri mbali na kukaa ghalani inaweza kufika rafuni ikiwa imebakiza siku chache.

Pili, angalia friza. Kuku au samaki wa pakiti mwenye mabonge makubwa ya barafu ndani, au waliogandamana wote pamoja, huenda waliyeyuka umeme ulipokatika kisha wakagandishwa tena. Waache. Kopo lililovimba au kubonyea kwenye maungio nalo liache. Ukiuziwa chakula kilichoharibika, peleka taarifa kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, kwa kifupi ZFDA.

Tatu, linganisha bei ya rafuni na ile inayosomwa kaunta, na dai risiti. Upande wa Zanzibar utaona jina la ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Fedha ni shilingi hii hii yetu. Ukikuta bei imeandikwa kwa dola, ulizia ya shilingi: kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza bidhaa na huduma za ndani ya nchi kupangiwa bei kwa fedha za kigeni. Kulipa kwa simu kunawezekana maduka mengi, ila kuwa na noti ndogo mfukoni kwa ajili ya sokoni na daladala.

Nne, nenda na mfuko wako. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku pande zote mbili. Zanzibar ilitangulia, Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Kikapu cha ukili kinatosha, na utarudi nacho nyumbani.

Adabu ya mji

Wakazi wengi wa Zanzibar ni Waislamu. Ijumaa mchana maduka mengi hufungwa kwa ajili ya sala, kwa hiyo nunua mapema au subiri alasiri. Mwezi wa Ramadhani unaweza kununua chakula mchana, lakini usile wala kunywa barabarani. Kalie ndani ulikofikia. Pombe na nyama ya nguruwe usizitarajie katika duka la kawaida. Na ukitoka ufukweni, jifunge kanga au vaa shati kabla ya kuingia dukani. Hakuna atakayekufukuza, lakini utakuwa umewavunjia heshima wenyeji wako.

Wakati wa kurudi

Viungo ndiyo zawadi ambayo wengi hurudi nayo. Pakiti chache zenye nembo na risiti hazina shida. Magunia ya karafuu ni jambo jingine: karafuu za wakulima hununuliwa na Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar, ZSTC, na kuzisafirisha kwa magendo ni kosa. Bidhaa nyingine za wingi zinazoonekana ni za biashara, hasa zilizotoka nje ya nchi, huweza kusimamishwa na forodha zikifika Dar es Salaam. Beba kadiri ya matumizi ya nyumbani, na risiti usizitupe.

Kwa kifupi

Andika orodha kabla ya kupanda boti. Gawa mara mbili: upande mmoja vya supamaketi, upande mwingine vya sokoni. Weka kando nauli ya kurudi na usiiguse, hata watoto walilie juisi ya boksi. Madafu yapo, yameangushwa mnazi ule pale, na hayakupanda meli.

Siku yetu ya tatu bibi yule alitupikia muhogo wa nazi na samaki wa kibua, vyote kutoka soko la asubuhi. Tulikula watano tukashiba, na kila mtu akarudi na nauli yake mfukoni.