Vivinjari na Majina ya Kuazima

Programu inayotufungulia kurasa za mtandaoni tunaiita kivinjari. Msingi wa jina hilo ni kitenzi vinjari, yaani kuzunguka huku na huko ukitazama, kama manowari inavyolinda pwani. Ni jina linaloahidi uhuru wa kutembea. Hata hivyo, historia ya vivinjari ni, kwa sehemu kubwa, historia ya wageni waliozuiwa mlangoni kwa sababu ya majina yao. Nashikilia kwamba historia hiyo ni suala la lugha kabla ya kuwa suala la mitambo, na inatuhusu Wakenya leo kuliko zamani.

Kila kivinjari kinapobisha hodi kwenye tovuti hutanguliza salamu fupi: mimi ni fulani, toleo langu ni hili. Mwaka wa 1994 kampuni ya Netscape ya Marekani ilitoa kivinjari ambacho katika salamu hiyo kilijiita Mozilla. Baadaye kikajifunza kugawa ukurasa mmoja katika vyumba kadhaa, jambo ambalo wenzake hawakuliweza. Basi wenye tovuti wakaweka bawabu: anayejiita Mozilla apewe ukurasa kamili, wengine wapewe makombo. Microsoft ilipoleta Internet Explorer mwaka wa 1995, ikakuta mlango una bawabu. Ilifanya nini? Ilikipa kivinjari chake jina la kuazima. Kikaanza salamu kwa neno Mozilla, kisha kwenye mabano kikataja jina lake halisi. Wengine wakaiga. Hadi leo Chrome, Safari na Edge, vyote huanza salamu kwa "Mozilla/5.0", ilhali Netscape yenyewe ilishakufa.

Wasomaji wa Biblia watakumbuka kitabu cha Waamuzi, sura ya 12. Wagileadi waliteka vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke "Shibolethi". Mwefraimu alisema "Sibolethi", na sauti hiyo moja ikamwangamiza. Sisi wa Bonde la Ufa hatuhitaji kwenda Yordani kutafuta mfano. Mwanzoni mwa 2008, kwenye vizuizi vya barabarani, watu waliulizwa vitambulisho ili majina yao yatoe kabila lao. Silinganishi damu na tovuti, hasha. Ninachosema ni kwamba kosa la kifikra ni lilelile: kumhukumu mtu kwa jina badala ya kumtazama alivyo na anachoweza.

Aliyeazima jina naye akaja kuwa bawabu. Mapema miaka ya 2000, Internet Explorer kilikuwa kimeshika zaidi ya asilimia 90 ya watumiaji. Oktoba 2001, tovuti ya MSN, mali ya Microsoft, iliwafungia nje watumiaji wa vivinjari vingine, kikiwemo Opera cha Norway. Malalamiko yakazuka, mlango ukafunguliwa. Mwaka wa 2003, Opera ilibaini kwamba MSN ilikuwa ikikitumia kivinjari chake maagizo ya mpangilio yaliyovuruga ukurasa. Kwa mujibu wa wahandisi wake, walipobadilisha jina katika salamu likawa "Oprah", ukurasa ulikuja sawasawa! Mashine ni ileile, uwezo ni uleule. Kilichobadilika ni jina tu. Tena Opera ilipofikia toleo la 10 mwaka wa 2009, tovuti nyingi zilisoma tarakimu ya kwanza pekee, zikadhani ni toleo la 1. Ikalazimika kuendelea kujitambulisha kama toleo la 9.80.

Kivinjari hichohicho kilichonyanyaswa ndicho kilichowaingiza Wakenya wengi mtandaoni. Opera Mini, kilichoanza katikati ya muongo huo, kilipitisha kurasa kwenye kompyuta za kampuni, zikabanwa hadi zikabaki sehemu ndogo ya uzito wake, ndipo zikatumwa kwenye simu. Kwa mtu mwenye simu ndogo na bando la kuhesabia, hiyo ilikuwa neema. Ukipita Salgaa, pale trela zinapopumzika kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, utaelewa. Pale si mahali pa kompyuta za mezani. Dereva na utingo wake wana simu, chaja na chai ya maziwa, basi.

Salgaa pia ni darasa zuri la isimujamii. Kuna Kiswahili cha Mombasa, cha Kampala, cha Kigali na cha Goma. Yule anayesema "miye" na yule anayesema "mi" wote hupata chakula. Mwenye hoteli hamwambii mteja, "Jirudie kwa lafudhi ya Unguja ndipo nikuuzie ugali." Kongamano la Mombasa la 1928 lilipoteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi 1930, shabaha ilikuwa watu waelewane katika vitabu na shule. Usanifu ni daraja. Wavuti nayo ina usanifu wake: tangu 1994 shirika la W3C, lililoasisiwa na Tim Berners-Lee, limekuwa likitoa kanuni ambazo tovuti yoyote na kivinjari chochote vinaweza kuzifuata. Tovuti inayofuata kanuni hizo haina haja ya kuuliza jina la mtu.

Je, mabawabu wameisha? La. Desemba 2019, kivinjari Vivaldi kilitangaza kwamba kingeanza kujitambulisha kama Chrome, kwa kuwa tovuti zilikuwa zikikikataa kwa jina lake. Opera chenyewe kilikwishaamua mwaka wa 2013 kutumia injini ya wengine, na Edge kikafuata 2020. Leo sauti zinazobaki ni chache mno.

Hapa kwetu, Juni 2023 serikali ilitangaza huduma zaidi ya 5,000 kupitia eCitizen. Leseni, vibali na vyeti sasa viko nyuma ya mlango mmoja. Jambo jema, lakini mlango wa umma si duka la mtu binafsi. Tovuti ya umma iliyoundwa kwa kivinjari kimoja na simu ya bei ghali humrudisha dereva wa Salgaa saiba, akalipie alichopaswa kukipata mkononi. Wanaounda tovuti hizi wazijaribu kwanza kwenye simu ndogo na vivinjari visivyo na majina makubwa. Wapime kivinjari kinaweza nini, si kinaitwaje. Mgeni akibisha hodi, Mswahili humjibu "karibu" kabla ya kumuuliza jina la baba yake.