Hold on to

"Hold on to" ni kitenzi cha Kiingereza chenye maneno matatu. Maana yake ya kwanza ni kushika kitu bila kukiachia. Ya pili, iliyozaliwa na hiyo, ni kukitunza kisipotee, kisitupwe wala kisiende kwa mwingine. Wakati uliopita huwa "held on to". Kinachoshikwa hutajwa mwishoni, baada ya "to", hata kikiwa kiwakilishi: "hold on to it". Ukiondoa "to" ikabaki "hold on", maana yaweza kuhama. Anayekuambia hivyo kwenye simu anakuomba usubiri.

Asili ya "hold" ni ya malishoni. Katika Kigothi, lugha ya kale yenye nasaba na Kiingereza, "haldan" ilikuwa kuchunga mifugo. Sisi hatuna sababu ya kushangaa, kwani "chunga" letu nalo ni la mbuzi na ni la onyo: chunga mfuko wako.

Maana ya kutunza ndiyo yenye mitego. Muuzaji akikukabidhi risiti na kusema "Hold on to your receipt", hakuambii uifumbate kiganjani hadi nyumbani. Anakuambia uitunze, maana huenda ukairudisha bidhaa. "Shikilia risiti" ni tafsiri ya neno kwa neno, na haifai. "Shikilia" hukaa vizuri pale penye msukumo wa kuachia: kiongozi anayeng'ang'ania madaraka, au mwenye hisa asiyeziuza ingawa bei inashuka.

Kosa linaloweza kuleta ugomvi ni kuichanganya na "keep". Mwenzako akikupa mwavuli na kusema "Keep it", ni wako, nenda nao. Akisema "Hold on to it for me", hajakupa, ataufuata. Hapo Kiingereza huhitaji "for me", ilhali Kiswahili humaliza yote ndani ya kitenzi kimoja, na kwa maoni yangu humaliza vizuri zaidi: nishikie, niwekee, nitunzie. "Nishikie" ni ya dakika chache, mtu akiwa anafunga kamba za viatu. "Niwekee" yaweza kuwa ya miezi.

Kwa amana, yaani mali iliyokabidhiwa kwa kuaminiana na ambayo aliyeipokea atadaiwa hata mbele ya Mungu, "hold on to" ni nyepesi mno. Hapo Kiingereza hutumia "entrust".