Jour férié na mapumziko yasiyo ya lazima

Vitabu vingi vya kujifunzia Kifaransa hutafsiri jour férié kuwa "siku ya mapumziko". Darasani tafsiri hiyo inapita. Kazini Ufaransa inakwama. Sheria ya kazi ya nchi hiyo inataja jours fériés 11, kuanzia Mwaka Mpya hadi Krismasi, na kati ya hizo ni Mei Mosi peke yake ambayo mwajiri hulazimika kuwapumzisha watu wake na kuwalipa, isipokuwa pale ambapo kazi haiwezi kusimama, kama hospitalini. Zile kumi nyingine, kwa wafanyakazi walio wengi, hutegemea makubaliano ya kazini. Ndiyo maana Wafaransa wana neno la pili, chômé. Férié ni hadhi ambayo sheria imeipa tarehe. Chômé ni kazi kusimama kweli.

Férié imetokana na feriae, siku ambazo Warumi walizitenga kwa ajili ya miungu yao. Asili ya chômer ndiyo tamu zaidi: katika Kilatini cha baadaye ilikuwa kujipumzisha wakati wa jua kali. Mkulima wa Kilwa aliyelaza jembe saa saba mchana haihitaji kamusi hapo. Ila shina hilohilo limezaa chômage, ukosefu wa ajira, kwa hiyo ukimwambia Mfaransa "je chôme" ukidhani umemwambia unapumzika, atakupa pole.

Mimi jour férié ningeiita sikukuu rasmi, na jour chômé sikukuu ya mapumziko. "Sikukuu ya kitaifa" naikataa, kwa kuwa fête nationale ni moja tu, Julai 14, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1880. Likizo tuiachie congé, haki ya mfanyakazi mwenyewe: wiki mbili zenye malipo tangu 1936, wiki tano tangu 1982. Vacances nayo daima iko katika wingi. Ukiiweka katika umoja, la vacance, umetangaza nafasi ya kazi iliyo wazi.

Neno fête ndilo linaloteleza kuliko yote. Juni 21 ni Fête de la musique: mchana watu wako kazini kama kawaida, jioni mitaa inajaa ngoma na magitaa, ni sherehe, si sikukuu rasmi. Novemba 1, Toussaint, ni sikukuu rasmi isiyo na shamrashamra. Familia hupeleka maua ya krisanthemu makaburini, na hakuna anayemtakia mwenzake heri. (Kwa sababu hiyo usimbebee mwenyeji wako krisanthemu ukialikwa chakula.) "Bonne fête" nayo, nchini Ufaransa, humwendea mtu katika siku ya mtakatifu ambaye ni somo wake, ukivuka bahari hadi Québec inakuwa pongezi ya siku ya kuzaliwa.

Sarufi haina mambo mengi, lakini ina mitego. Tarehe haichukui kihusishi: "le 14 juillet" inatosha, ilhali Krismasi husemwa "à Noël". Siku ya kwanza ya mwezi hupewa namba ya mpangilio, le premier mai, kisha zinazofuata zinahesabiwa kawaida, deux, trois. Mswahili anayesema "tarehe mosi" hapo hatajikwaa. Atakapojikwaa ni kwenye Pasaka: Pâques ikisimama peke yake ni ya kiume na ya umoja, lakini ikitakiwa heri inageuka kuwa ya kike na ya wingi, "Joyeuses Pâques". Salamu ya Mwaka Mpya, "Bonne année", Waswahili wa Kongo walikwisha kuimeza nzima wakaifanya jina la sikukuu yenyewe, Bonane.

Umebaki msemo mmoja wa wafanyakazi, faire le pont. Kupaa Bwana huangukia Alhamisi kila mwaka, na anayeomba ruhusa ya Ijumaa hupata siku nne mfululizo. Pont ni daraja, lakini "kufanya daraja" hakumwambii mtu kitu. Tuseme kuunganisha sikukuu, kama ambavyo watu wa maofisini husema tayari. Mwaka 2018 Mei 8, nayo ni sikukuu rasmi, iliangukia Jumanne na Kupaa Bwana Mei 10. Aliyechukua Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alikaa nyumbani siku tisa kwa kutumia siku tatu tu za likizo yake, na muunganisho wa namna hiyo Wafaransa hawauiti tena pont bali viaduc.